Kioo cha Mstari wa Mwisho

"Tackett. Maziwa yamechemka," redio ikamnong'oneza sikioni.

"Jiko gani?"

"Hatujui. Genge la Vasko limo humo humo uwanjani."

Farasi walikuwa wameshauvuka mstari, namba nne na namba saba, pua kwa pua. Ubao wa uwanja wa mbio wa Harlan Fork ukawaka neno moja.

PICHA.

Watu wakashika tiketi zao za kamari, wakingoja picha ya kamera ya mstarini iamue mshindi. Mpelelezi Tackett alikuwa katika chumba cha waamuzi, bastola ya Beretta chini ya koti, moyo umekufa ganzi. Tangu mwenzake Birdie apigwe risasi pale Louisville, hakuna kilichomgusa. Hata kula alikula kwa kukumbushwa.

Picha ikaingia kwenye skrini. Namba nne, kwa ncha ya pua.

"Basi, nne hiyo," akasema mwamuzi Hollis Combs, akiinua simu.

"Ngoja kwanza, mzee."

Ng'ambo ya mstari pana nguzo yenye kioo kirefu. Kamera huwachukua farasi pamoja na sura zao kiooni, ili aliyefichwa na mwenzake aonekane upande wa pili. Kwenye picha hii, farasi wenyewe: nne mbele.

Kioo kilisema saba.

Combs akavua miwani. "Makubwa haya. Loretta, mpiga picha wetu, hakosei hivi."

"Hajakosea. Kashikiwa bastola. Aliyeichezea picha hajui habari za kioo, na mama kamnyamazia makusudi."

"Nikitangaza saba?"

"Watamuua. Na ukitangaza nne hawatamhitaji tena, watamuua vilevile. Kaa kimya."

Akapanda ngazi hadi juu ya paa. Nje ya mlango wa chumba cha kamera, akapiga simu, akinong'ona.

"Loretta, mama. Kioo kina vumbi."

Ikajibu sauti ya mwanamke aliyeizeekea kamera ile. "Nimeona, kijana wangu. Kichafu kweli."

Nyuma yake sauti ya mgeni ikauliza, "Kioo gani?"

"Kile pale nguzoni, chungulia dirishani ujionee. Unakuja kuiba farasi, hata hujui zizi lina milango mingapi."

Mtu yeyote angechungulia. Vasko akachungulia.

Tackett akaupiga mlango teke. Vasko akageuka na Glock yake. Beretta ikakohoa mara moja kupitia kiziba sauti, na Vasko akaporomoka chini ya dirisha.

Loretta akalia kwa sauti. Tackett akairudisha Beretta kotini.

"Tuma picha ya kweli, mama," akasema.

SABA, ubao ukawaka. Jukwaa zima likalipuka kwa kelele.

"Maziwa yameipuliwa," akaiambia redio.

"Umeumia?"

"Sijui."

Akashuka, akakatiza njia ya farasi iliyokuwa tupu, akauvuka mstari. Simu ikalia.

"Nimekupiga picha ukipita," akasema Loretta, bado ana kwikwi. "Kamera hii humrefusha mwenda pole. Umetoka mrefu kama treni ya mizigo. Sijapata kuona mtu asiye na haraka ya kufika hivi. Unakwenda wapi, mwanangu?"

Tackett akamkumbuka Birdie, akangoja kumbukumbu hiyo imuume. Haikumuuma.

"Nyumbani," akajibu, maana ndivyo watu hujibu.

Akatia mikono mfukoni, akaelekea lango la kutokea.