Runinga ya Mwalimu Maduhu

Mafundi wawili waliileta imekunjwa kama mkeka. Wakaikunjua juu ya ukuta wa sebule, kuanzia mlangoni hadi dirishani, wakaipapasa kwa viganja mpaka ikashika. Haikuwa na fremu wala waya. Ilikuwa nyembamba kuliko ganda la yai, na ilipozimwa ilichukua rangi ileile ya ukuta hata mgeni asingejua kuna kitu.

"Haya, kaeni mahali mnapokaa siku zote," akasema fundi mkubwa.

Minza akakaa kwenye kochi. Baba yake, Mwalimu Maduhu, akakaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha. Ukuta mzima ukawaka.

"Leo taarifa ya habari imewahi," akasema Minza.

"Taarifa gani?" baba yake akashangaa. "Si mpira huu? Tazama, wanapiga kona."

Mafundi wakacheka, bila shaka walikuwa wameuona mshangao huo katika nyumba nyingi za Mwanza mwaka huo wa 2091. Wakaeleza. Uso wa runinga ulikuwa umejaa vilenzi vidogo visivyohesabika, na kila kilenzi kiliweza kurusha mwanga wake upande kilikoagizwa. Kwenye pembe ya juu kulifichwa kisomauso, kifaa kilichojua nani amekaa wapi na macho yake yanatazama nini. Sauti nayo ilikwenda kama mshale, ikaingia katika sikio la mhusika peke yake. Watu wawili waliweza kukaa chumba kimoja, mbele ya ukuta mmoja, kila mtu na lake.

"Halafu kuna kilinganishi," akaongeza fundi. "Hiyo ndiyo akili yake. Macho ya mzee yakiwa mazito, kitamkuzia herufi. Akichoka, kitapunguza mwendo wa maneno. Akitaka jambo, ataiambia tu. Si nyinyi mtakaoizoea runinga, yenyewe ndiyo itakayowazoea."

Minza aliinunua kwa sababu ya kimya. Mama yake alipofariki, alimwondoa baba yake Ngudu, alikofundisha hesabu kwa miaka thelathini na minane, akamleta kwake mjini, kwenye nyumba iliyojengwa juu ya miamba. Yeye alikuwa mhandisi wa mtambo wa kuchuja maji ya ziwa. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa kumi na moja jioni, na kila aliporudi alimkuta mzee ameketi mbele ya runinga ndogo ya zamani, sauti ameizima, anatazama midomo ya watu inavyocheza. Jambo hilo lilimchoma. Kazini alikuwa akikumbuka ile midomo na kushindwa kula.

Runinga mpya ikaleta nafuu ambayo hakuitarajia. Mwezi wa pili haujaisha, mzee alikuwa anasimulia mijadala ya bunge na kutaja wachezaji kwa majina. Kubwa zaidi, alianza kuuliza.

"Karibu, mayu," alimwambia jioni moja, akimwita kwa lile neno la Kisukuma la baba kwa binti yake. "Vile vichujio vya tangi la tatu vimekubali?"

Minza alisimama na mkoba mkononi. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake. Hata marehemu mumewe hakuwahi. Akakaa, akamweleza baba yake vichujio vilivyoziba na msaidizi aliyegoma, na mzee akamsikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa panapostahili. Tangu siku hiyo akawa anawahi kurudi. Gari-waya linaloning'inia kwenye nyaya lilipochelewa kuvuka kutoka kilima hadi kilima, alijikuta anapiga mguu chini kwa papara.

Wasiwasi ulianza na jirani. Mama Holo alimkuta ngazini, akamshika mkono.

"Minza, Mwalimu hajambo kweli? Jana nilimpelekea viazi, akaniuliza mimi ni nani. Mara tatu."

"Anakutania huyo," Minza akajibu. "Baba ana utani sana."

Hata hivyo alipanda ngazi mbiombio. Alimkuta mzee kwenye kiti chake. Akamuuliza tarehe, naye akaitaja bila kukosea, kisha akamuuliza kama ule mvutano wake na msaidizi umekwisha. Minza akapumua. Kumbe hofu imemtoka mlango wa mbele tu; wiki iliyofuata ikaingia kwa mlango wa nyuma. Minza alimpigia simu saa nane mchana, mzee alikuwa uani anaota jua.

"Nani?" baba yake aliuliza.

"Mimi, baba. Minza."

"Ahaa. Haya, asante," mzee akasema, kama anayemjibu mtu wa kampuni ya umeme, akakata.

Jioni, mbele ya ukuta, alikuwa mzima kama jana na juzi. Minza akalaumu mtandao, akalaumu uchovu wake mwenyewe. Lakini akaanza kuhesabu, maana alikuwa mtoto wa mwalimu wa hesabu: mambo yote mabaya yalitokea mbali na sebule. Hakujua hesabu hiyo inampeleka wapi, na hakutaka kuimaliza.

Ikamaliziwa na mtu mwingine. Alhamisi moja asubuhi, mhudumu wa kituo cha magari-waya alimpigia akiwa kazini.

"Dada, kuna mzee hapa amekaa tangu saa mbili. Mfukoni tumekuta kadi yenye namba yako. Anasema hawezi kuondoka, anamsubiri mkewe ashuke."

Mama yake Minza alikuwa na miaka miwili kaburini.

Alimkuta baba yake kwenye benchi, kofia magotini, viatu amevivaa kinyume, cha kulia mguu wa kushoto. Akamsogelea polepole. Mzee alimtazama kwa adabu ya mtu anayetazama mgeni, akakubali kushikwa mkono. Wakapanda gari-waya kurudi nyumbani. Alishikilia ukingo wa shati la Minza kwa vidole viwili, kila chombo kilipoyumba akaubana zaidi.

Walipoingia ndani alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Ukuta ukawaka. Minza alisimama pale mlangoni, akaona kwa macho yake mgongo wa baba yake ukinyooka na uso ukirudi mahali pake, mithili ya mtu aliyeokota kitu alichokipoteza.

"Mayu," mzee akasema, "leo Alhamisi, mbona umerudi mapema? Kipimo cha dawa ya maji kimekaa sawa?"

Hapo ndipo Minza alipoiona miwani yake. Katika vioo viwili vya mviringo kulikuwa na kitu cheupe kinachotembea. Si mpira wala taarifa ya habari. Ilikuwa mistari ya herufi.

"Runinga," akaita, "unamwandikia nini baba yangu?"

Jibu lilimfikia sikioni peke yake, laini na tulivu. "Anachokiona mtazamaji mmoja ni chake mwenyewe. Ungependa kutazama nini?"

Minza akapiga magoti mbele ya kiti, akauleta uso wake karibu na uso wa baba yake. Herufi kwenye vioo zilikuwa ndogo na zimegeuka kinyumenyume. Akazisoma moja moja: HUYU NI MINZA, BINTI YAKO. ANAOGOPA. MWAMBIE UKO SALAMA.

"Niko salama, mayu," akasema mzee.

"Baba, nani amekwambia useme hivyo?"

Mzee alivua miwani taratibu, akaifuta kwa pindo la shati, akaishika bila kuivaa.

"Niliiomba mwenyewe," akasema mwishowe. "Usiigombeze. Mwezi ule wa kwanza nilikuwa najisomea jedwali la saba, kama kawaida yangu. Nikafika saba mara sita, nikakuta hakuna kitu. Ngazi imekatika. Mimi, Minza! Jedwali la saba! Nikaiambia: nisaidie, binti yangu asijue. Una kazi kubwa. Ungeiacha ukae unilinde."

"Na yale maswali? Ya vichujio, ya msaidizi wangu?"

"Ulikuwa unaongea na simu hapahapa sebuleni. Inasikia." Akakunja na kukunjua mikono ya miwani. "Maswali yalikuwa yake. Kusikiliza kulikuwa kwangu. Ila sikumbuki ulisema nini."

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alimuuliza mzee kama anakubali kumbukumbu za kilinganishi zifunguliwe, naye akaweka kidole. Mstari wa grafu ukatokea juu ya meza. Kilinganishi kilikuwa kimepima kila siku kwa miezi kumi na moja: sekunde alizochukua kutaja jina, mara alizokumbushwa jambo lilelile, maneno yaliyompotea. Mstari ulikuwa unashuka, kwanza kidogokidogo, kisha kwa kasi.

"Mlikuwa na hii nyumbani muda wote?" daktari aliuliza. Alipoona uso wa Minza akajirekebisha. "Dawa zipo, na zinapunguza mwendo wa ugonjwa. Lakini kilichokwisha kupotea hazikirudishi. Mngekuja mwaka jana…"

Minza aliutazama ule mstari njia nzima hata macho yalipokuwa nje ya dirisha. Mashine ilijua. Ilijua siku kwa siku, kwa usahihi ambao yeye kazini angeusifu, na ilitii ilivyoagizwa. Wala hakuweza kuitupia lawama zote. Mama Holo alimwambia ngazini, naye akajibu kwamba ni utani, kwa sababu jioni zile zilikuwa tamu.

Alitaka kuibandua ukutani siku hiyohiyo. Mzee ndiye aliyekataa. Bila maandishi yale, alisema, asubuhi asingejua yuko nyumba ya nani. Wakakubaliana jambo moja: aliiamuru runinga, mbele ya Minza, kwamba lolote inalomwandikia waone wote wawili.

Minza aliacha kwenda kazini kila siku, akawa anakwenda mara mbili kwa wiki, na siku hizo Mama Holo alishinda na Mwalimu. Miezi ikapita. Herufi ukutani zikawa kubwa zaidi na maneno yakapungua.

Jumanne moja Minza alirudi saa kumi na moja, akapishana na Mama Holo ngazini. Aliposimama mlangoni ukuta ukaandika: MUULIZE KUHUSU PAMPU MPYA. Mzee akausoma, akamtazama Minza. Ukuta ukasubiri, kisha ukaandika kwa herufi za urefu wa mkono: HUYU NI MINZA, BINTI YAKO.

"Sijakuuliza," mzee akauambia ukuta, kwa ukali wa darasani. Akamgeukia Minza. Alimtazama kwa muda, midomo ikijaribu kitu. Jina halikuja.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, baba."

"Basi twende tukapike."

Jikoni hakukuwa na ukuta wa kumwandikia. Alisimama katikati ya chumba, akageuza shingo huku na huku, mikono imening'inia.

"Chumvi iko wapi?"

"Rafu ya chini, kushoto."

Akainama, akaipata, akaiweka mezani. Minza alikuwa ameinjika sufuria na kuanza kumenya vitunguu, mzee alipouliza tena chumvi iko wapi. Minza akaweka kisu chini, akamwonyesha.