Rangi ya Ukuta

Mvua ilikuwa imetoka kukatika, na soko kuu la Kisangani lilikuwa limefurika hadi barabarani. Matope yalinata viatuni. Waendesha toleka walipiga kengele za baiskeli zao, abiria wakiwa nyuma, wakitafuta upenyo kati ya mabeseni ya mihogo na viwavi wa kuliwa. Isaïe alijibanza chini ya kibaraza cha duka la vitambaa, akajipangusa uso, akasema:

"Mama, ninatafuta kitambaa cheupe. Kipana. Bila maua, bila mistari."

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza alivaa kitenge cha bluu, nywele zimesukwa na kubana kichwa, msalaba mdogo wa dhahabu shingoni. Hakugeukia vitambaa. Alimkazia macho yeye.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Vile umesema. Nisikie sauti." Kisha akacheka, mkono mdomoni. "Iko weye! Mutu wa filimu! Kila siku ya Mungu nikitoka misa ninapita pale kwa salle ya filimu, ninasikia unalia, unacheka, unajifanya mwanamuke. Nilifikiri uko mutu munene, na ndevu."

"Na sasa?"

"Sasa ninaona mutu mwembamba, amelowa kama kuku. Alors, kitambaa hiki iko ya kuolea ama ya kuzika?"

"Ya kuonyesha filimu. Panya wamekula kile cha zamani."

Ndivyo walivyojuana. Yeye alikuwa Isaïe, mtoto wa wavuvi wa Isangi, na kazi yake ilikuwa kusema filamu. Katika ukumbi wa tonton Zuberi, mtaa wa Tshopo, filamu zilifika kutoka nchi za mbali, katika lugha ambazo hakuna aliyezijua. Isaïe aliketi kando ya kitambaa na kipaza sauti, akawaambia watu waigizaji wanasema nini. Mara nyingi naye hakuelewa. Alitazama midomo, akatazama mikono, akajaza mwenyewe. Watu walikuja kwa sauti yake kuliko kwa filamu.

Mwanamke aliitwa Mbambu. Alikuwa ametoka Butembo, akiuza katika duka la mjomba wake, papa Télesphore. Isaïe alirudi kesho yake kusema kitambaa ni kifupi. Hakikuwa kifupi. Akarudi tena kuuliza sindano.

"Duka la sindano iko kule," alisema Mbambu.

"Ninajua."

"Donc umekuja kufanya nini?"

"Kupotea njia."

Wakawa wanapotea njia pamoja. Walikula samaki wa liboke kandokando ya mto Tshopo, wakifungua majani ya moto kwa ncha za vidole. Walipigiana simu mchana, duka likiwa tupu, na Isaïe akamchekesha kwa sauti za askari, za padri, za bibi harusi. Jambo moja tu lilimshangaza. Akimwuliza kwenye simu, "Uko wapi, chérie?", Mbambu alinyamaza, halafu akasema ana mteja. Kuhusu Butembo alisema kwamba mama yake alikufa huko, basi.

Siku moja Mbambu akakubali kuja ukumbini. Alivaa gauni la manjano na viatu vya kisigino, akaketi benchi la mbele. Isaïe, akitaka kumfurahisha, akachagua filamu ya mapenzi.

Ilikuwa hadithi ya tajiri mmoja na mwanamke mwenye nywele ndefu. Tajiri alimleta katika nyumba kubwa, kuta zake za kijani. Akamletea zawadi, gauni baada ya gauni. Alipenda kusimama mbele ya kioo kikubwa na kumwangalia mwanamke humo. Maneno yalikuwa machache, na Isaïe akajaza.

"Tazameni mapenzi, bandugu! Huyu bwana amepaka nyumba yote rangi ya nguo ya mwanamuke wake! Weye papa kule nyuma, umeisha kumununulia mama hata foulard ya kichwa?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kwenye kitambaa, tajiri aliziba dirisha kwa matofali, taratibu, akiimba.

"Anaziba ili baridi isimuguse!" alisema Isaïe. "Nani kati yenu anapendwa hivi?"

Wanawake wakapiga makofi. Mbambu akasimama, akapita mbele ya mwanga, kivuli chake kikafunika picha yote, akatoka.

Isaïe alimpigia simu jioni ile. Akapiga tena asubuhi. Akapiga hadi simu ikawa imezimwa. Akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka, akamwona Mbambu akipima kitambaa bila kuinua kichwa. Kesho yake akasimama tena pale. Kichwani mwake kulikuwa na jibu moja tu: kuna mwanamume mwingine. Akaanza kuuliza. Akamwuliza mwuza mikate, akamwuliza mlinzi, mwishowe akamwuliza Djuma, mfanyabiashara aliyeleta bidhaa kwa lori kutoka Butembo.

"Mbambu?" Djuma akapiga paja. "Mbambu wa Mumbere? Kumbe iko huku! Mume wake anamutafuta kila fasi, ndugu yangu. Baliowana kanisani."

Isaïe akavuka barabara moja kwa moja, akaingia dukani bila salamu.

"Uko na mume."

Mbambu aliweka mkasi chini. Papa Télesphore hakuwepo. "Ndiyo."

"Na miye nilikuwa nani? Mutu wa kukuchekesha?"

"Ketisha matako, nikuambie." Alisema kwa utulivu, lakini vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la kitambaa. "Weye ulisema yule bwana alipaka nyumba rangi ya nguo. Hapana. Nyumba ilikuwa kijani tangu mwanzo. Mwanamuke alikuja na nguo nyekundu. Gauni ya kwanza bwana alimupa ilikuwa manjano kidogo. Nyingine, kijani kidogo. Nyingine, kijani sana. Mwisho akisimama kwa ukuta unaona uso na mikono tu. Hukuona?"

Isaïe aliketi juu ya furushi la vitambaa.

"Juu ya nini anataka afanane na ukuta? Ukuta hautoki. Ukuta haujibu. Na kile kioo: mutu mwenye kupenda mutu anamutazama kwa macho. Yeye anatazama kioo. Ndani ya kioo anajiona yeye mbele, mukubwa. Mwanamuke iko nyuma, mudogo."

"Ilikuwa filimu tu, Mbambu."

"Ilikuwa nyumba yangu." Akavuta pumzi. "Mumbere alianza na zawadi. Kisha simu: uko wapi, uko na nani, sikia ni sauti gani hiyo. Kisha akachukua simu. Kisha akabadilisha kufuli. Bamama ba parokia balisema niko na bahati, mume hanywi, hapigi. Na kweli hakunipiga hata siku moja. Mama yangu alipokufa, nilimuomba niende kumuzika. Akasema barabara mbaya, nitachoka. Alienda yeye. Aliporudi aliketi kwa kitanda akanielezea mazishi ya mama yangu. Nani alilia, nyimbo gani baliimba. Alielezea vizuri sana, Isaïe. Alijaza kila kitu."

Nje, toleka zilipita.

"Na weye," aliendelea Mbambu, "siku hizi unasimama pale ng'ambo. Mumbere naye alikuwa anasimama. Lakini bon, hata ulijuaje niko na mume?"

"Nilimuuliza Djuma."

"Djuma gani?"

"Mwenye lori."

"Ulitaja jina langu kwa mutu wa Butembo?"

"Sikujua..."

"Toka."

"Mbambu..."

"Nimesema toka!"

Isaïe alienda ukumbini, mchana, hakuna mtu. Akawasha jenereta, akafungua ile filamu, akazima sauti. Akaitazama bila kusema neno. Aliona gauni jekundu, la manjano, la kijani. Aliona madirisha yakipungua, na tajiri akitabasamu kiooni kama mtu anayefunga tai. Aliona pia jambo ambalo Mbambu hakulitaja: tajiri hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu mwenye njaa. Isaïe alikumbuka namna alivyosimama mbele ya duka, mkono umekamata simu, akazima jenereta.

Mumbere hakukawia. Alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ananukia sabuni, mkononi fremu yenye picha ya harusi. Alimletea papa Télesphore gunia la maharage na jibini ya milimani. Alizungumza polepole, macho chini. Hakumlaumu mtu. Watoto wa nyumba wakamzunguka wakinywa soda alizonunua.

"Mutoto wangu," mjomba alimwambia Mbambu mbele ya watu wote, "mume amevumilia barabara yote hii juu yako. Leo nani anapendwa hivi? Lori linarudi Butembo kesho. Utarudi nyumbani."

Mumbere akamfunika mabega kwa kitenge kipya. "Umekonda," alisema kwa upole. "Nitakuchunga."

Mchana huo, Mbambu akiwa dukani kukabidhi funguo, simu ya Isaïe ililia.

"Ni miye. Usiseme pole. Iko na watu kwa mulango."

"Ninasikiliza."

"Ninataka kufika kwa mto. Kuna nani unaamini?"

"Mama Georgette, mwuza kwanga. Atapita nyuma ya duka na beseni mbili."

"Sawa."

"Ninaweza kuja na weye. Nyumbani kwetu Isangi..."

"Isangi bote banajua mutoto wao mwenye kusema filimu. Ukifungua mudomo popote kwa mto huu, watu banageuka. Tukienda wawili, anatupata."

Isaïe alifumba macho. "Basi nitakusindikiza."

Ukingo wa mto ulikuwa na kelele za siku ya safari. Baleinière, zile mashua ndefu za mbao zenye injini, zilipangwa kichwa kwa kichwa: za kwenda Yanonge, za Isangi, za mbali zaidi. Mitumbwi ilivuka kuelekea Lubunga. Wapagazi walipigana vikumbo, moshi wa mafuta ukichanganyika na harufu ya samaki wa kukaushwa. Mbambu alikuja nyuma ya mama Georgette, beseni la kwanga, mihogo iliyopikwa ndani ya majani, kichwani, kitenge kilichopauka, miguu peku. Isaïe hakumtambua hadi alipofika karibu.

Walisimama kama muuzaji na mnunuzi.

"Nilifanya vibaya," alisema Isaïe.

"Ndiyo. Ulifanya vibaya." Alimtazama usoni, kwa macho, kwa muda mrefu. "Lakini ulipojua, hukujitetea. Mumbere anajiona hajawahi kukosa hata siku moja, unaelewa? Hajawahi."

"Ninakupenda."

"Najua. Miye pia, mutu mwembamba." Akatabasamu. "Ningependa uniulize ninaenda wapi, ili nione kama ninaweza kukuambia."

"Sikuulizi."

"Hata kidogo?"

"Mutu akiniuliza, ninataka nisijue. Sauti yangu haijui kudanganya nje ya filimu."

Mbambu alimgusa kifundo cha mkono, haraka, kama mtu anayepokea chenji. "Geuka, basi."

Isaïe akageuka. Alimtazama mwanamke aliyekuwa akikaanga mikate kando ya barabara, mikate ikigeuzwa, ikitolewa, mafuta yakilia. Nyuma yake injini zikawaka, moja, kisha nyingine, kisha nyingine tena, na kila moja ilipoondoka shingo yake ilimvuta. Hakugeuka. Mikate ilipokwisha kwenye beseni ndipo akaenda zake.

Mumbere alikuja ukumbini. Alisubiri watu watoke, akakaribia.

"Papa, bibi yangu iko wapi?"

"Sijui."

"Weye unajua."

"Sijui. Ninaapa mbele ya Mungu."

Mumbere alimchunguza, na akaona kwamba ni kweli. Hapo ndipo alipolia. Aliketi kwenye benchi akalia kama mtoto, makamasi yakishuka kwenye shati jeupe. "Nilimupa kila kitu," alisema. "Kila kitu!" Machozi yake hayakuwa ya uongo, na hilo lilimtisha Isaïe kuliko kama angechomoa kisu.

Hakurudi Butembo. Alipanga chumba karibu na mto. Kila asubuhi alishuka ukingoni na ile fremu ya harusi, akawaonyesha wenye mashua picha, mmoja mmoja, kwa adabu. Watu walimhurumia. Akina mama walisema mwanamke yule alikuwa hana moyo.

Isaïe aliendelea kusema filamu, lakini alisema kidogo. Pale asipoelewa, aliacha picha ipite kimya, na watu wakalalamika. Tonton Zuberi akamwambia anaharibu biashara.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja, akiwa mlangoni mwa ukumbi, simu ikaita. Namba ngeni. Upande wa pili kulikuwa na kuku na mtwangio, na mtu aliyekuwa akipumua.

"Umekula?" aliuliza Isaïe.

"Nimekula," ilijibu ile sauti. "Na weye?"

"Nitakula."

"Bado iko hapo? Yule?"

"Iko."

Mtwangio ukasimama, ukaanza tena.

"Donc sitarudi," alisema Mbambu.

"Hapana, chérie. Usirudi."

"Nilitaka tu kusikia sauti."

"Umeisikia."

Simu ikakatika. Namba ilibaki inang'aa kwenye kioo cha simu. Barabarani, Mumbere alipita akielekea mtoni, shati lake sasa limechakaa, akamwinulia Isaïe mkono kama jirani mwema. Isaïe naye akainua wake. Kisha akainamia simu, akaifuta ile namba kabla macho yake hayajaizoea.