Kompyuta Iliyokosa Pumzi

Mshonaji mmoja alifanyia kazi sebuleni kwake. Mkono wa kulia alikuwa na cherehani, wa kushoto kompyuta ya mezani. Ndani ya kompyuta hiyo ndimo alimohifadhi vipimo vya wanafunzi arobaini aliokuwa akiwashonea sare. Zilibaki siku tatu shule ifunguliwe.

Asubuhi hiyo alibonyeza kitufe. Kompyuta ikawaka, picha ikatokea. Kabla hajafungua faili, kioo kikawa cheusi.

Akawasha tena. Ikazima. Mara ya tano ikazima hata picha haijatokea.

"Mashine hii itanitia wazimu!" akafoka.

"Ipige kofi kidogo ubavuni," mumewe akasema kutoka jikoni. "Redio yetu si ilipona hivyo?"

"Wewe na makofi yako! Ikifa kabisa, utakwenda kuwapima wewe hao watoto arobaini?"

Mume akanywea. Akampigia simu jirani yao, fundi wa kompyuta. Mwanamke huyo walimwita Bisibisi, kwa kuwa bisibisi haikukosekana mfukoni mwake.

Bisibisi alipofika hakugusa kitu. Aliuliza tu.

"Dada, ikiwaka inakaa muda gani?"

"Mwanzo dakika mbili. Sasa hata nusu dakika haifiki."

"Feni yake unaisikia?"

Mshonaji akaikodolea macho kompyuta. Hakujua hata kama ina feni.

"Na hiki kitambaa juu yake?"

"Nimeifunika isiingie vumbi! Hapo napo nimekosea?" Maswali yalikuwa yamemfika shingoni.

"Umeziba matundu yake ya hewa, dada. Kompyuta ikipata joto kali hujizima yenyewe, isiungue. Ukiilazimisha kuwaka unazidi kuiumiza."

Bisibisi akazima soketi, akachomoa waya. "Usiifungue kamwe waya ukiwa umechomekwa," alisema. Wakangoja ipoe, kisha akafungua ubavu wake. Lo! Nyuzi na vumbi la vitambaa vilikuwa vimeizonga feni, haizunguki.

"Kumbe nimeshona mpaka ndani ya kompyuta!" Mshonaji alicheka bila kupenda.

Bisibisi akaizuia feni kwa kidole, akaipangusa taratibu kwa brashi kavu. Akafunga, akachomeka, akawasha. Feni ikavuma. Dakika kumi zikapita, mashine haijazima.

"Vipimo vyangu vipo!"

"Basi viandike daftarini leo hii. Siku mashine ikifa kweli, utavitoa wapi?"

Mume aliihamishia kompyuta dirishani, mbali na cherehani. Tangu hapo mshonaji haifuniki ikiwa inafanya kazi. Kila mwezi huizima, huchomoa waya na kupangusa matundu yake.

Siku shule ilipofunguliwa, alisimama mlangoni akiwatazama watoto wakipita na sare mpya. Hakuna aliyekunja mikono ya shati. Hakuna aliyeshikilia suruali isidondoke.