Hesabu ya Jumatano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia uwanja, nikaosha vyombo, kisha nikanywa chai na muhogo wa kuchemsha. Maji yalikuwa kazi ya shangazi Najma. Mimi nilikuta ndoo zimejaa, sikuuliza zimejaaje.

Muhula ule darasa letu la sita, hapa Fukayosi, lilipata mwalimu wa mazoezi. Aliitwa Mwalimu Vaileth, na bado alikuwa anasoma chuo cha ualimu. Alitaka kutufundisha jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyopata maji, na nani hubeba mzigo wa kuyateka.

"Hatuanzii mbali," alisema. "Tunaanzia kisima chetu. Mwanamkasi, Jumatatu mpaka Jumatano ukitoka shule kaa pale kwenye pampu, uandike wanaokuja kuteka: kina mama, wasichana, wanaume, wavulana. Alhamisi mkufunzi wangu anakuja kunipima. Somo lote linategemea daftari lako."

Jumatatu nilikaa mpaka jua likapoa. Jumanne vilevile. Jumatano wenzangu walikuwa wanacheza rede nyuma ya madarasa.

"Karani wa ndoo, njoo bwana," wakaniita. "Upande wetu umepungukiwa."

Nikacheza mpaka jioni. Kisha nikatazama hesabu ya Jumanne, nikapunguza hapa, nikaongeza pale, nikaandika: kina mama kumi na tisa, wasichana ishirini na wawili, wanaume watatu, wavulana wanne.

Alhamisi Mkufunzi Hieronimo alikaa nyuma ya darasa na jalada lake. Mwalimu Vaileth alibandika karatasi kubwa yenye hesabu zangu kwa wino mwekundu. Alitufundisha vizuri, akatuonyesha kwenye ramani nchi ambako wasichana hukosa shule kwa sababu ya maji. Ndipo Mikdad akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ya Jumatano siyo. Mnyororo wa pampu ulikatika tangu adhuhuri. Hakuna aliyeteka hata kikombe."

"Labda waliteka upepo," mwingine akasema, na darasa zima likacheka.

Mwalimu Vaileth alinitazama mara moja tu. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Kosa ni langu," akamwambia mkufunzi. "Nimetumia maji ya tangi la shule, sikwenda kisimani kuhakiki."

Mkufunzi akaandika kwenye jalada. Nilihisi kama kalamu ile inapita mgongoni kwangu.

Nyumbani nilimfuata shangazi jikoni. "Shangazi," nikauliza, "jana uliteka wapi maji?"

"Kule lambo, wanakonywesha ng'ombe. Hukuona yalivyokuwa na tope? Nilikwenda mara mbili, na goti hili mpaka sasa linaniuma."

Maji yale nilikuwa nimeyaoga baada ya rede.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya walimu. Mwalimu Vaileth alikuwamo, na mkufunzi alikuwa hajaondoka kijijini.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Hesabu ya Jumatano niliitunga. Nilikuwa nacheza. Mwalimu hana kosa."

"Analo dogo, na amelikiri," mkufunzi akasema. "Lako je, utalifanyaje?"

Nikafungua daftari, nikaikata hesabu ya Jumatano kwa kalamu. Mkufunzi akatikisa kichwa.

"Wenye kiu hawakukaa wakisubiri pampu ipone. Nenda nyumba kwa nyumba, uwaulize walifanyaje. Mwalimu Vaileth, Jumatatu utarudia somo. Nitakuwepo."

Jumamosi na Jumapili nilizunguka kijiji kizima. Wengine walinipa kigoda, wengine walinicheka: "Karani wa rede umekuja?" Niliuliza hivyo hivyo.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikasema kwanza kwamba nilidanganya. Kisha nikasoma: Jumatano ile shangazi yangu alikwenda lambo mara mbili mpaka goti likamuuma, na wasichana kumi na mmoja walikwenda huko na kurudi giza limeingia. Saba kati yao hawakufanya kazi ya shule. Safari hii hakuna aliyecheka. Saba wale walikuwa wamekaa nasi humo humo darasani.

Somo lilipokwisha, mkufunzi alifunga jalada, akampa Mwalimu Vaileth mkono kwa tabasamu. Kisha akanigeukia.

"Habari za dunia nzima huanza na mtu mmoja mwenye daftari, Mwanamkasi. Ukiandika ya kutunga, unawafuta waliopata taabu. Ulikuwa umemfuta shangazi yako pamoja na goti lake."

Jioni ile pampu ilikuwa imeshatengenezwa. Nilichukua ndoo kubwa kabla shangazi hajaishika, nikatangulia kisimani.