Upana wa Jeraha

Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mwenye shamba moja magharibi mwa mji wa Columbia alimkuta Cosmas, msimamizi wa wawindaji wa shamba hilo, amelala kifudifudi chini ya kilingo chake cha kuwindia. Alikuwa amekufa, mshale umempita mwilini. Hatua sita mbele, mshale wenye damu ulikuwa umechomeka ardhini. Kwenye uti wake paliandikwa jina: Mutai.

Kufikia saa nne Mutai alikuwa kituoni.

"Mligombana Alhamisi," alisema Domina Mwita, mpelelezi wa kaunti.

"Madam, tuligombania kilingo. Hicho ni kitu cha kuua mtu?" Mutai, mhudumu wa wagonjwa huko Rockville, alikuwa akisugua bega. "Ijumaa ijayo naapishwa uraia wa nchi hii. Nimengoja miaka kumi na mbili. Niue wiki hii?"

"Watu huua wiki yoyote. Mshale wako ulifikaje pale?"

"Nilipoteza mmoja mazoezini, wiki iliyopita. Niliutafuta nyasini na Gervas mpaka tukachoka."

Domina aliandika jina hilo, kisha akapima chembe ya mshale, ile ncha ya chuma inayokata. Ilikuwa na makali mawili yasiyokunjika, upana sentimita tatu.

"Mbona nyembamba hivi?"

"Bega liliharibika kwa kuinua wagonjwa, kwa hiyo upinde nimeulegeza. Chembe pana inataka upinde wenye nguvu. Kwangu ingekwama mbavuni."

Mutai alirudishwa mahabusu. Saa nane mchana aliketi Gervas, mwindaji mwenzao na mkazi wa Greenbelt, wakati askari wenye hati wakipekua gari lake.

"Dada Domina, kwenu Tarime?"

"Hapa ni Mpelelezi Mwita. Unatumia chembe gani?"

"Za wanaume," Gervas alicheka. "Hewani zimejikunja, zikigusa nyama zinafunguka. Sentimita tano. Yule Mkenya wenu anawinda na viwembe vya kuchongea penseli."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Muulize mke wangu."

"Na Cosmas mlielewanaje?"

"Kama ndugu."

Domina alimshukuru, akamwacha aende.

Jumatano, saa tatu asubuhi, alimwita tena. Mezani kulikuwa na rula, picha ya jeraha, na mishale miwili ndani ya mifuko.

"Daktari anasema mshale uliingia moja kwa moja, bila kukwaruza pembeni," alisema kwa sauti ya chini. "Chembe ya Mutai ni sentimita tatu. Mpasuko ni tano, kwenye koti na kwenye ngozi."

"Za kwangu zinauzwa kila duka."

"Kweli. Ndiyo maana nimesubiri siku nne. Huu wa pili ulitoka kwenye podo lako, garini. Uliuosha vizuri, lakini chembe inayokunjika ina bawaba, na maji hayafiki kote. Ndani mlibaki damu."

"Ya kulungu."

"Ya Cosmas. Maabara wamenipigia leo."

Gervas aliitazama rula. Hakucheka tena.

"Alikuwa anakufuta kwenye orodha ya wawindaji wa shamba lile," Domina alisema. "Kwa nini?"

"Eti napiga kwa mbali, kulungu wanakwenda kufia vichakani na chembe zangu mwilini. Alinisema mbele ya watu, mke wangu amekaa pale pale. Kwa ajili ya mnyama."

"Na Mutai alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Mshale wake niliuokota nyasini nikauficha; ndio niliokuwa nao wa kuupaka damu."

Saa tano Mutai alirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alizifunga polepole, bila kuinua macho.

"Kwa hiyo Ijumaa naenda?"

"Nenda. Huna kesi."

"Mke wangu amenieleza, Jumapili kina mama wa kanisa walimrudishia sufuria alizowaazima. Waliziacha mlangoni, hawakubisha hodi."

Domina alimsogezea fomu ya kutoka.

"Kuapa nitaapa," Mutai alisema, akasimama. "Lakini kanisani pale haturudi."