Khanga Zinazochuja

Jumamosi, kama kawaida, Saadiya alikunywa chai kwa mkate wa kumimina, akafuatana na kaka yake Taimur kufungua duka lao la khanga pale Kariakoo, upande wa Msimbazi. Kama kawaida? Kawaida gani bila Mama! Mama yao alikuwa Maskati akimuuguza dada yake. Mtandio wake ulikuwa bado umetundikwa nyuma ya mlango wa duka, unanukia udi. Saadiya alipoupita aliunusa, machozi yakamlenga.

Mama alikuwa na mtindo wake. Mteja akichagua doti, yeye huchovya pembe ya khanga kwenye bakuli la maji, akaisugua juu ya kitambaa cheupe mteja akiangalia. Ikichuja rangi, haiuzwi. Majirani walimtania, "Mama Taimur, unafukuza wateja!" Naye huwajibu, "Waache waende, watarudi." Taimur alipoachiwa duka aliliondoa bakuli. Alisema linachelewesha biashara.

Asubuhi hiyo aliingia Bi Waridi wa Magomeni. Alikuwa akitafuta sare za harusi ya binti yake, na khanga nyekundu za mzigo mpya zikamvutia.

"Shikamoo, Bi Waridi," Taimur na Saadiya walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hizi hazichuji? Maana bibi harusi atavaa shela jeupe, na kina mama wote watamkumbatia."

Saadiya alimtazama kaka yake. Juzi alikuwa amefua khanga kama hiyo pamoja na shati lake la shule, na shati likatoka jekundu. Taimur aliliona.

"Aa, Bi Waridi! Khanga zetu na kuchuja, wapi na wapi?" alijibu Taimur.

Uledi, muuzaji wao, akadakia, "Wallahi hazichuji! Mke wangu mwenyewe anazo." Uledi huyo hana mke wala mchumba.

Bi Waridi akamgeukia Saadiya. "Na wewe mwanangu, mbona umenuna?"

Laiti Mama angekuwepo! Angelimaliza jambo hili kwa maji kidogo tu. Saadiya akasema, "Zinachuja, Bi Waridi. Zimeliharibu shati langu la shule."

Bi Waridi aliiweka khanga mezani taratibu. "Mama yenu akirudi, mnipigie," akasema, akatoka.

"Umenikomoa!" Taimur alifoka. "Mama akirudi akute wateja wametukimbia?"

"Mimi nataka akute duka lake!" Saadiya alilia. "Hili silo!"

Muda si mrefu aliingia dada mmoja, akazishika khanga zile zile. Uledi akaanza tena, "Wallahi, dada, hizi hazichuji. Muulize bosi wangu hapa. Au siyo, bosi?"

Taimur alibabaika. Uongo aliouanzisha yeye, leo anaitwa kuutolea ushahidi! Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Zinachuja," alisema. "Na wewe Uledi, kuapa huko kuishe leo."

Alizishusha zote, akazifunga ili azirudishe zilikotoka. Alasiri alikwenda mwenyewe Magomeni kuomba radhi. Bi Waridi alimweka barazani kitambo kizuri, akamsema hadi akatosheka, kisha akakubali kuja kuangalia khanga nyingine.

Jioni Mama alipopiga simu, Taimur alimweleza kila kitu bila kujitetea.

"Uledi simlaumu sana," Mama alisema. "Alikusikia wewe, akafuata. Kiongozi wa kazi akiwa mwongo, walio chini yake huongopa zaidi ili wampendeze. Akiwa mkweli, wao huona haya kudanganya. Ukipewa duka, mwanangu, tabia yako ndiyo bidhaa ya kwanza wanayoitazama wateja. Haya, nipe mdogo wako."

Saadiya aliishika simu kwa mikono miwili.

"Umefanya vile ambavyo ningefanya mimi, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Lakini mimi nakutaka wewe. Unarudi lini?"

Kikohozi cha mgonjwa kilisikika nyuma ya sauti ya Mama. "Mama yako mkubwa akipata nafuu. Na mimi nimekukumbuka, Saadiya. Nimekukumbuka sana."

Saadiya alisema sawa, lakini hakukata simu. Mama naye hakukata.