Askari Waliodanganywa Mwilini mwa Bisun

Kila asubuhi Sonmati alibandika mavi ya ng'ombe ukutani yakauke yawe kuni. Mdogo wake, Bisun, alikaa juani akimtazama, tumbo limevimba kama chungu, mikono imekonda.

"Dada, usiniangalie hivyo. Sijafa."

"Basi inuka unikimbize."

Bisun aliinuka, hatua ya kwanza ikamshinda, akaketi tena. Sonmati aligeukia ukuta ili Bisun asione machozi yake.

Homa ilimwanza kabla ya mavuno ya mpunga. Mganga wa kijiji aliipunga, muuza dawa akatoa vidonge. Homa ilishuka, ikarudi. Mama alimpa wali na dengu, hata sehemu yake mwenyewe, na bado mtoto alizidi kukonda. Baba alikuwa mbali Punjab akifanya vibarua. Sonmati hakujua la kufanya ila kumfuta jasho.

Siku Bisun alipotokwa damu puani, mama alimbeba mgongoni, Sonmati akashika mtungi wa maji, wakaenda hospitali ya mjini. Alipimwa damu. Ilikuwa kala-azar, homa inayoletwa na usubi wanaojificha kwenye nyufa za kuta za udongo.

"Daktari, nimemlisha mpaka nikalala njaa," mama alisema. "Mbona mwili wake haukupigana?"

Daktari Nusrat alivuta kiti. "Mwili ulitaka kupigana, mama. Lakini kijidudu kinachoachwa na usubi akiuma kinaingia ndani ya askari wa mwili wenyewe, zile chembe za damu zinazoulinda. Humo kinatoa vifuko vidogo mno, navyo vinawafikia askari wengine na kuwapumbaza. Adui yumo nyumbani, wao wanaona mambo shwari."

"Kwa hiyo hatukuwa na la kufanya?" Sonmati aliuliza.

"Kwa chakula peke yake, hamkuwa nalo. Lakini wapuliza dawa ya kuua usubi hawakufika kwenu?"

Mama aliinamisha kichwa. "Walifika. Niliwafungia mlango. Ng'ombe alikuwa amezaa, nikaogopa harufu ya dawa itamdhuru ndama."

Bisun alitundikiwa dripu ya dawa. Walikaa kando yake, wakitazama matone, hawana jingine la kufanya. Baada ya siku chache paji la uso wake lilipoa, akaomba chumvi kwenye wali.

Siku ya kuondoka daktari aliwasindikiza mpaka mlangoni.

"Wapuliza dawa wakija, wafungulieni. Na homa ikipita wiki mbili, msingoje," alisema, akimgeukia Sonmati. "Mwili uliodanganywa hauombi msaada, mwanangu. Muuombee nyinyi, mapema."